Barua ya Krismasi na Neno "Ila"

Majilio yakifika wiki ya pili, simu yangu hujaa barua za familia. Zamani zilikuja kwa posta, karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili, kutoka kwa marafiki wa usharika wetu walioko ng'ambo. Siku hizi zinakuja kwa WhatsApp, na waandishi si wageni tu. Wachungaji wenzangu wanaandika, walimu wanaandika, watu wetu walioko Dar es Salaam na Mwanza wanaandika. Juu kuna picha ya familia imevaa sare ya kitenge. Chini habari za mwaka mzima: nani kahitimu, nani kafunga ndoa, nyumba imefikia lenta, Bwana ametutendea makuu. Mimi mwenyewe nimeandika barua za namna hii kwa miaka 11. Kwa hiyo ninapozikosoa, ninaanza na zangu.

Sina ugomvi na barua moja kusomwa na watu wengi. Mtume Paulo alifanya hivyo. Katika Wakolosai 4:16 anaagiza barua ikishasomwa Kolosai ipelekwe Laodikia, na ile itokayo Laodikia isomwe Kolosai. Ugomvi wangu uko kwenye kile tunachokiacha nje.

Walio na umri wangu kwenda juu wanaikumbuka barua ya zamani ya Kiswahili. Baada ya salamu nyingi ilisema: sisi huku ni wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Vijana wanaicheka sentensi hiyo, wanasema ilikuwa ya kukariri. Ni kweli tuliikariri. Lakini itazameni vizuri. Nusu yake ni habari yangu, na nusu ya pili ni wasiwasi juu yako. Kabla sijakueleza lolote nimekiri kwamba sijui umeamkaje. Barua ya Krismasi ya siku hizi imebaki na nusu ya kwanza peke yake. Nimesoma kurasa mbili nzima za mafanikio ya rafiki ninayempenda, nisikute swali hata moja linaloniuliza mimi.

Barua ile ya zamani ilikuwa pia na neno moja dogo: ila. "Sote tu wazima, ila bibi alitutoka mwezi wa tatu." Watu husimulia hilo kama kichekesho: wazima vipi, na bibi amekufa? Lakini hata leo ukimsalimu mama anayeuza migebuka sokoni, atakujibu salama, ila mgongo. Salama, ila mtoto amelala na homa. Anaposema salama anamshukuru Mungu. Anaposema ila anakufungulia mlango uingie. Katika barua zetu za Krismasi mlango huo umefungwa, na msomaji mwenye msiba wake anasimama nje akidhani nyumba nyingine zote mwaka huu zilikuwa na karamu.

Sisi wa Kigoma tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine, maana habari za kungoja barua tunazo. Pale Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone, wageni huonyeshwa mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, na wote hukumbuka yale maneno ya salamu. Mimi napenda zaidi kilichofuata, kama Stanley mwenyewe alivyokisimulia. Alikuwa amemletea mzee yule mfuko wa barua wenye tarehe ya Novemba 1, 1870, uliokuwa umekwama Unyanyembe, Tabora. Livingstone akaupakata, akasoma barua moja mbili za watoto wake, uso ukamng'aa. Kisha akaziacha, akamtaka mgeni amweleze habari za dunia. Alipoambiwa amalize kwanza barua zake, akajibu kwamba amezingoja miaka, saa chache zaidi hazimpi shida. Katika mfuko mzima, kitu cha kwanza alichokitafuta kilikuwa mwandiko wa wanawe.

Tunazo na za karibu zaidi. Mei 2015 Warundi kwa maelfu walijaa kwenye kijiji cha wavuvi cha Kagunga, na meli yetu ya Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini. Nyarugusu imepokea Wakongo tangu mwaka 1996. Katika kambi hizi kuna barua ya Msalaba Mwekundu, fomu iliyo wazi, isiyofungwa kwenye bahasha, inayoruhusu habari za familia tu na si za vita wala siasa. Niliwahi kumsaidia mama mmoja wa upande wa Uvira kuijaza. Hakutaka salamu ndefu. Alitaja majina ya watoto alionao, mmoja mmoja, akanisomesha tena kuhakikisha sikuruka. Halafu akataja jina moja ambalo hakuwa nalo, akauliza kama yuko huko. Barua nzima ilikuwa majina. Nimesoma barua nyingi maishani, za maaskofu pia, na sijui kama nimewahi kusoma iliyo bora kuliko ile.

Tena Injili ya Mathayo, ambayo tunaisoma kila Krismasi, inaanza kwa orodha kama hiyo. Sisi wahubiri huiruka tukaanzia mstari wa 18, tukisingizia kwamba majina ni magumu. Lakini tukisoma tunamkuta Tamari, na Rahabu, na Ruthu mgeni wa Moabu, na yule mwanamke anayetajwa si kwa jina lake bali kama aliyekuwa mke wa Uria. Mathayo angeweza kupita kimya kwa baba tu, kama desturi ilivyokuwa, na hakuna ambaye angelalamika. Aliandika habari za ukoo wa Bwana wetu, na "ila" zake akaziacha humo humo.

Sasa nirudi kwenye barua yangu ya mwaka 2023. Nina watoto wanne. Niliandika habari za watatu: mmoja chuo, mmoja amepata kazi, mdogo amepata kipaimara. Wa tatu hakufaulu mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, akaenda Kibirizi kuvua dagaa. Picha tuliipiga wiki ya pili ya Majilio, wakati wa giza, naye alikuwa ziwani. Nilijiambia kwamba nafasi haikutosha. Mama mmoja mzee wa usharika rafiki, ambaye hatujawahi kuonana, alinijibu kwa mstari mmoja tu: mwaka jana mlikuwa na watoto wanne. Nilikaa siku nyingi bila kumjibu.

Mwaka uliofuata Serikali ililifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na kijana akarudi kukaa nyumbani. Usiku mmoja tumemaliza ibada ya nyumbani, mama yake ameingia jikoni, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba, kwenye ile barua, mimi nilikuwa nimekufa?"

Wapo watakaosema kwamba aibu ya mtu haitangazwi, na nawaunga mkono. Kuna mambo ya wanangu ambayo hayako mikononi mwangu kuyaandika. Lakini angalieni Paulo anavyomtaja Epafrodito kwa Wafilipi. Anaeleza waziwazi kwamba aliugua karibu na kufa. Naye Epafrodito ndiye aliyekuwa akirudishwa Filipi, na wengi wanaamini kwamba ndiye aliyeibeba barua ile. Anayesimuliwa anaijua habari yake na anaifikisha kwa miguu yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipoona kosa langu lilikuwa kubwa kuliko kumwacha nje. Hata kama ningemwandika, ningemwandika bila kumuuliza.

Basi Desemba 2024 nilimpa rasimu aisome. Nilikuwa nimeandika kwa uangalifu mkubwa kwamba mwanetu hakufanikiwa katika masomo, ila Mungu hajamwacha. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Akaomba kalamu.

"Kufeli ni habari ya mwaka 2022, Baba," akasema. "Ya mwaka huu ni kwamba ziwa lilifungwa miezi 3, tukakosa kazi, na lilipofunguliwa tulipata."

Akakata sentensi yangu, akaandika yake. Chini yake akaongeza majina ya wenzake wanne wa boti moja, wawili Wakristo na wawili Waislamu wa Ujiji, akasema bila hao habari yake haijakamilika. Mimi nikaongeza mwishoni: hofu ni kwenu mlio mbali, tuandikieni. Barua ikapita ukurasa mmoja, na kwenye picha tulimngoja hadi mbalamwezi ilipotoka, wavuvi walipopumzika.

Yule mama alijibu kabla ya Mwaka Mpya. Aliuliza majina yale manne yanatamkwaje, na kama wote wana wazazi.