Njia ya Fedha

Pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, anayesafisha dome huchomoa mfupa wa mgongoni na kuutupa. Sonara mmoja wa Kariakoo, mwenye karakana ya mlango mmoja karibu na Mtaa wa Mkunguni, huiokota mifupa hiyo, huiosha na kuianika juani kwa siku nyingi. Mfupa ukibaki na unyevu hata kidogo, maji yatageuka mvuke ghafla fedha ya moto itakapougusa, na fedha itaruka nje ya kalibu. Kwa hiyo husubiri jua limalize kazi yake.

Asubuhi niliyokaa naye, kazi ilikuwa pete moja ya kiume, yenye uso bapa wa kuchorwa herufi. Mteja, kijana aliyesimama mlangoni, alikuwa ameleta bangili ya fedha ya marehemu bibi yake. Mizani ilisoma gramu 22. Zamani masonara wa Zanzibar na Oman walipata fedha ya mapambo kwa kuyeyusha riale za Maria Theresa, zile sarafu za Austria zenye mwaka 1780. Fedha hii ilikuja ikiwa na bibi wa mtu ndani yake, na kijana hakuiondolea macho.

Fundi aliukata mfupa vipande viwili kwa msumeno mwembamba, akavisugua kimoja juu ya kingine, upande laini kwa upande laini. Unga mweupe ukamwagika magotini. Kila baada ya muda alivikutanisha na kuviinua kuelekea mlangoni, na kila alipoona uzi wa mwanga katikati alirudi kusugua. Mara ya nne mwanga haukupita.

Akachukua kielelezo cha pete, cha shaba ya manjano, akakilaza ubavu kwenye kipande cha kwanza na kukibonyeza kwa vidole gumba hadi kikazama nusu ya upana wake. Pembeni akachomeka vijiti vitatu vya kiberiti, ili vipande vikikutana tena vikutane palepale. Akafunika kwa kipande cha pili, akabana kwa viganja vyote viwili bila kutikisa. Alipofungua na kukitoa kielelezo, pete ilikuwa imeacha umbo lake pande zote mbili.

Hapo akavuta kiti karibu na mwanga. Ziko mashine zinazozungusha kalibu kwa kasi au kunyonya hewa yake ili madini yaingie kwa nguvu. Kwenye meza hii hakuna kinachoisukuma fedha ila uzito wake yenyewe, na kwa sababu hiyo njia ya kuipitisha ndiyo kazi yenyewe.

Alianza na mahali pa kuifungua. Kichwa cha pete ndicho kinene kuliko kote, na ndicho alichokielekeza juu. Fedha husinyaa inapoganda. Sehemu nyembamba huganda kwanza na kuvuta kutoka sehemu nene, ambazo bado ni majimaji, na sehemu nene nazo lazima zipate pa kuvuta. Zikikosa, hubaki vitundu ndani, visivyoonekana mpaka tupa ivifikie. Ndiyo maana njia aliifungua kwenye unene, juu ya uso wa pete. Nilidhani angeuepuka uso. Lakini uso ule ungepigwa tupa na msasa kabla ya kuchorwa, kwa hiyo kovu la njia aliliweka mahali ambapo tupa ingepita hata hivyo. Alikuwa ameshaiona pete iliyokamilika kabla fedha haijaguswa na moto.

Kisha upana. Kichwa cha pete kilikuwa na unene wa milimita 3. Njia aliichonga kwa ncha ya kisu mpaka ikafika 4, fupi, isiyozidi sentimita moja, na juu yake akafungua mdomo mpana kama wa faneli. Kijana akashindwa kunyamaza.

"Mzee, mbona njia nene kuliko pete? Fedha yote si itaishia humo?"

"Pete ina kiu, mwanangu," alijibu bila kuinua kichwa. "Njia ikiganda kabla yake, itakunywa wapi?"

Pale njia inapokutana na pete aliiviringisha kona kwa mgongo wa kisu. Kona kali huuvuruga mkondo, ukang'oa unga wa mfupa na kuuzika ndani ya pete. Mwisho, kwa sindano, akachora mikwaruzo myembamba kama nywele kutoka chini ya pete kupanda nje, hewa ipate pa kutokea. Akapitisha brashi laini, akafunga vipande kwa waya na kuisimamisha kalibu kwenye sufuria ya mchanga.

Bangili ilikatwa vipande, ikatiwa kwenye chungu cha kuyeyushia pamoja na boraksi. Chini ya moto wa gesi vipande viligeuka vyekundu, vikalegea, vikajikusanya kuwa tone moja. Kijana alisogea mbele. Fundi aliendelea kungoja mpaka uso wa tone ukang'aa kama kioo na kuzunguka wenyewe. Ndipo akaimimina kwa mkupuo mmoja, moto ukiifuata fedha mpaka mdomoni mwa kalibu. Karakana ikanuka kama nywele zilizoungua.

Alibaki akilitazama donge lililojaa kwenye mdomo. Lilififia kutoka kwenye wekundu, halafu katikati yake pakaanza kubonyea taratibu, kama shavu linalovutwa kwa ndani. Lile donge lilikuwa limetoa kilichohitajika chini.

"Imekunywa," alisema.

Mfupa ulipofunguliwa ulikuwa mweusi, haufai tena. Pete ilitoka nzima, imebeba mistari midogo ya mfupa ubavuni. Aliikata njia kwa msumeno, akapiga tupa usoni, akaangalia kwa lenzi: hakuna kitundu. Kisha akampimia kijana kila kitu mbele yake. Pete, gramu 8.1. Donge na njia yake, gramu 13.2. Vumbi la tupa, lililokusanywa kwenye karatasi, nusu gramu. Vyote vitatu akavifunga na kumkabidhi.