Amina Hana wa Kumfuata

Wengi mliosoma Under the Udala Trees ya Chinelo Okparanta mnaongea habari za Ijeoma. Ni haki yake, yeye ndiye msimulizi. Ila mimi tangu nimalize nimebaki na Amina.

Kwa ambao hamjakipata: riwaya hii ya Kiingereza ilitoka mwaka 2015, na inaanzia kwenye vita vya Biafra, Nigeria. Mwaka 1968 ndege za vita zinamuua baba yake Ijeoma. Mama anashindwa kubeba msiba na mtoto kwa pamoja, basi anampeleka binti mji wa Nnewi, kwa mwalimu mmoja na mkewe, awe mtumishi wa ndani. Huko Ijeoma, ambaye ni Mwigbo, anakutana na Amina, yatima wa Kihausa. Wanafanya kazi pamoja, wanalala kibanda kimoja, na polepole wanapendana. Siku moja mwalimu anawakuta.

Hapo ndipo kitabu kilinishika. Mwalimu yule alikubali kumweka mtoto wa kabila lililohesabiwa adui. Wasichana wawili kupendana, hilo likamshinda. Sisi tunaoishi kwa kupokelewa tunaijua hifadhi ya namna hii: unapewa pa kulala, lakini masharti mengine huambiwi mpaka siku unayavunja.

Mama anakuja kumchukua binti yake, anaenda kumfundisha Biblia, akianzia Mwanzo. Ijeoma hagombi, anauliza tu. Adamu na Hawa walikuwa mume na mke, sawa, lakini hiyo inakataza nini? Wakifika Waamuzi 19, pale mwanamke anatolewa nje abakwe ili mgeni mwanamume asiguswe, mama anaona dhambi moja tu, ya wanaume kutaka mwanamume. Binti anamwona yule mwanamke. Kurasa hizi ni ndefu, mahali pengine zinakuwa kama mdahalo wa shule, lakini ni za kweli. Mtoto anayejiuliza yeye ni nani, mara nyingi huanza hivyo, kwa swali dogo ambalo mkubwa hana jibu lake.

Sasa Amina. Wanakutana tena shuleni, halafu anaolewa na mwanamume wa Kihausa na kuondoka. Kitabu kinatupa uchungu wa Ijeoma, cha Amina hatukisikii. Wengine wanamwita msaliti. Yaani, angeenda wapi? Ijeoma naye anaolewa, lakini ndoa ikimshinda anarudi kwa mama, na mama yule yule wa Biblia anamfungulia. Amina hana mama, hana kwao, hata kabila lake ni hatari pale alipo. Kwake ndoa ndiyo nyumba pekee iliyobaki. Naona Okparanta alimwacha mapema mno, na hilo ndilo kosa kubwa la kitabu.

Mwishoni mwandishi anataja sheria ya Nigeria iliyosainiwa Januari 2014, yenye kifungo hadi miaka 14. Sheria inatisha, ndiyo. Ila ndani ya hadithi, kinachomtenganisha Ijeoma na Amina ni mtu mmoja wa kukufungulia usiku. Wazazi mnaosoma gazeti letu, someni na ninyi. Hasa wenye kulea watoto wasio wao.