Mashoto: Jina la Mtu au Jina la Ila?

Neno mashoto husikika kila siku kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo, na mbali zaidi ya hapo. Mtoto akishika kalamu kwa mkono wa kushoto, wenziwe humwita "Mashoto". Mchezaji apigaye mpira kwa mguu huo hupewa jina hilo hilo kwa sifa. Ni neno la mitaani, lakini limeingia katika vinywa vya walimu, na wafasiri hulikwepa kwa kuandika "mtu anayetumia mkono wa kushoto". Yafaa tulipime.

Mzizi wake ni shoto, neno ambalo Frederick Johnson aliliorodhesha katika kamusi yake ya 1939. Likitanguliwa na ku- ya mahali, twapata kushoto, yaani upande. Likitanguliwa na ma-, twapata mashoto. Kiambishi hiki cha pili ndicho kinachostahili kuangaliwa. Husemwa "ana makengeza", "ana matege", "ana mapengo"; kisha hali hugeuzwa jina, na mtu akaitwa "Makengeza". Mashoto limefuata njia hiyo hiyo. Hivyo msemaji, bila kukusudia, humweka mwenziwe katika orodha ya wenye ila za mwili.

Orodha hiyo ina chimbuko katika desturi. Mkono wa kulia umepewa jina kwa kazi yake: ni mkono wa kulia chakula, wala hauhusiani na kilio. Waganda husema ddyo na Wanyarwanda iburyo, kutokana na kitenzi kile kile cha kula. Huitwa pia mkono wa kuume, na mwenzake mkono wa kike. Huku pwani, ambako watu huzunguka sinia moja na mafunzo ya Kiislamu huagiza kula kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeachiwa kazi za faragha. Hata alazimikaye kumpa mtu kitu kwa mkono huo huomba radhi kwanza. Adabu ya sinia ina mahali pake. Kosa ni kuihamishia kwenye kalamu. Takriban mtu 1 katika kila 10 hutumia mkono wa kushoto. Darasa la watoto 50 laweza kuwa na 5 wa namna hiyo, nao si wakaidi wala si wagonjwa.

Hatupendekezi kwamba mashoto lipigwe marufuku. Lugha ya uwanjani ina uhuru wake. Katika maandishi rasmi, hata hivyo, twaona yafaa shoto libaki jina la hali, mwenye shoto liwe jina la mtu, na -a shoto litumike kama kivumishi, kwa mfano mkasi wa shoto. Neno mwenye halitii doa, kwani husemwa pia mwenye nguvu na mwenye hekima.

Faida yake si ufupi tu. "Mchezaji wa kushoto" ni yule achezaye upande huo; "mchezaji wa shoto" ni yule autumiaye mguu huo, hata akipangwa upande wa kulia. Mfasiri aandikaye "wa kushoto" kwa maana zote mbili humwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Naye mwalimu aandikapo katika taarifa ya maendeleo kwamba mtoto ni mwenye shoto, mzazi hupata maelezo anayoweza kuyafanyia kazi, wala haoni kwamba mwanawe ameshtakiwa.