Mtufaha Usioingojea Baridi: Jinsi Batu Inavyoamsha Maua kwa Mkono

Mgeni akifika kwenye shamba la matufaha la Batu, katika milima ya Java Mashariki nchini Indonesia, hulipa kiingilio kisha huingia kuchuma mwenyewe. Humo ndani ale mpaka atosheke. Yale atakayotoka nayo hupimwa na kulipiwa kwa kilo. Wenyeji huuita utalii huu petik apel, yaani kuchuma matufaha, na umeufanya mji huo ujulikane Indonesia nzima.

Ajabu ya Batu huonekana mgeni anapoinua macho. Kipande kimoja cha shamba kimejaa maua meupe yenye wekundu wa mbali. Cha jirani kina miti mitupu, haina hata jani. Cha tatu matunda yameiva, matawi yameinama. Mvua ni ileile, jua ni lilelile, udongo ni uleule. Katika nchi za baridi mtu angengoja mwaka mzima kuyaona hayo matatu. Hapa huyaona kwa matembezi ya dakika kumi. Uchambuzi huu unaeleza jambo hilo linavyofanyika, kwa sababu sisi wa nyanda za juu tuna haja nalo.

Kabla ya kuendelea: nisemapo tufaha nakusudia lile ambalo sokoni wengi huliita epo. Tofaa la Unguja ni tunda jingine kabisa.

Deni la baridi

Mtufaha asili yake ni milima ya Asia ya Kati, kule Kazakhstan na majirani zake, ambako baridi huua kila chipukizi laini. Mti ulijifunza kujilinda. Ubaridi ukiingia, huangusha majani na macho yake, yaani vichipukizi vilivyojifunga kwenye matawi, hulala usingizi mzito. Ili yaamke, lazima kwanza yapate idadi fulani ya saa za ubaridi, kwa kawaida zile za chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Aina nyingi zinazojulikana hudai kati ya saa 800 na 1,000. Ni tahadhari yenye maana: mti hauchanui kwa sababu ya wiki moja ya joto katikati ya kipupwe, ukaja kuunguzwa na jalidi.

Mti huo ukipandwa mahali pasipo na kipupwe, deni halilipwi. Macho ya nchani huamka, ya katikati hubaki yamefumba. Maua hutoka moja moja kwa miezi mingi, na matunda huwa haba. Wengi wetu tumeuona mtufaha wa namna hiyo nyuma ya nyumba ya mtu: umenawiri kwa majani, na mwenyewe anasema haujui kuzaa.

Batu iko takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na mashamba yake yanaanzia kama mita 700 juu ya usawa wa bahari na kupanda zaidi ya 1,000. Usiku kuna ubaridi, lakini haukaribii saa 1,000. Hata hivyo, moja ya nguzo za mashamba hayo ni Rome Beauty, aina iliyotoka jimbo la Ohio, Marekani, ambayo hudai karibu saa hizo zote. Pale Java huzaa mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo siri haimo katika mche peke yake.

Usingizi wa namna mbili

Jicho la mtufaha hupitia usingizi wa namna mbili, na kila kitu kinategemea kuzitofautisha.

Wa kwanza ni mwepesi. Jicho lina uwezo wa kuchipua, ila limezuiwa na viungo vingine vya mti: majani yaliyo kando yake na ncha ya tawi iliyo juu yake hutuma homoni zinazolituliza. Ondoa kizuizi, nalo litaamka. Wa pili ni mzito. Hapo kizuizi kimehamia ndani ya jicho lenyewe. Hata ukiondoa kila jani, halitikisiki mpaka lipate saa zake za ubaridi.

Wakulima wa Batu hawakutafuta njia ya kulipa deni. Walitafuta njia ya kuyaamsha macho kabla deni halijaandikwa. Huliwahi jicho likiwa bado katika usingizi mwepesi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na hapa methali hiyo ni kanuni ya kilimo.

Kazi yenyewe

Baada ya mavuno, mti huachwa kwa muda mfupi, kati ya siku 10 hivi na mwezi mmoja. Muda huo una sababu. Macho ya maua huumbika wakati matunda ya msimu uliopo bado yanakua, kwa hiyo mavuno yanapokwisha, maua yajayo tayari yamo ndani. Mti unahitaji tu kupumua na kujaza akiba. Ukiwahi mno, macho yanakuwa machanga na utapata majani badala ya maua. Ukichelewa mno, usingizi mzito umeshaingia.

Kisha majani yote hupururwa kwa mkono, tawi kwa tawi, mpaka mti ubaki mtupu. Kazi ni ya taratibu, kwa sababu kuvuta kwa pupa hung'oa na jicho lililo kwenye kitako cha jani. Matawi hupogolewa, na yaliyosimama wima huinamishwa na kufungwa kwa kamba mpaka yalale. Tawi likiwa wima, ncha yake hutawala na macho ya chini hunyamaza. Likilala, utawala wa ncha hudhoofika na macho huamka katika urefu wote wa tawi.

Baada ya takriban mwezi mmoja, mti huwa umechanua, nao huchanua kwa pamoja kama uliotoka kwenye kipupwe cha kweli.

Ua na jirani yake

Ua la mtufaha hutoka kwa kishada cha maua matano au sita. La katikati hufunguka kwanza, na mara nyingi ndilo hutoa tunda kubwa kuliko yote. Tumba huwa la waridi iliyokolea. Petali tano zikifunguka, weupe hutawala na wekundu hubaki upande wa nje. Katikati mna stigma tano, na ndani mna vyumba vitano vya mbegu. Kata tufaha kwa upana utaona nyota ya ncha tano: hiyo ni alama ya ua lililokuwapo. Kila chumba kwa kawaida huweza kubeba mbegu mbili. Chavua isipofika vizuri, baadhi ya vyumba hubaki bila mbegu, na tunda mara nyingi hukua upande mmoja.

Aina nyingi za mtufaha huikataa chavua ya aina yake yenyewe; zinahitaji nyuki alete ya aina nyingine. Katika nchi za baridi mkulima huchagua majirani wanaochanua wiki ileile. Pale Batu, mkono unaopurura ndio unaoamua. Ukipurura vipande viwili kwa pamoja, maua yake yatakutana. Ukivitenganisha kwa mwezi, hayatakutana kamwe. Ndiyo maana tarehe ya kupurura ni tarehe ya ndoa pia. Na ikiangukia katikati ya masika, mvua huosha chavua, nyuki hawaruki, na ukungu hushambulia petali.

Aina tatu ndizo zilizotawala. Anna, iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya maeneo ya joto, ni nyekundu, ndefu kidogo, yenye ukali. Huwa tayari siku kama 100 baada ya kuchanua. Manalagi, ya kijani inayoelekea manjano, ni tamu hata kabla haijaiva sawasawa, na huchukua siku kama 114. Rome Beauty huchukua siku 120 hadi 140. Piga hesabu: ukipurura zote tarehe 1 Februari na zikachanua mwanzoni mwa Machi, Anna huchumwa katikati ya Juni, Manalagi mwisho wa Juni, Rome Beauty kati ya Julai mwanzoni na karibu na mwisho wake. Ongeza vipande vilivyopururwa miezi mingine, na mgeni hatakosa cha kuchuma.

Gharama yake

Mti unaozaa mara mbili hula mara mbili. Pasiporudishwa samadi ya kutosha, udongo huchoka, na sehemu nyingi za Batu umechoka kweli. Joto nalo limepanda na wadudu wameongezeka. Wakulima wengi wameng'oa mitufaha wakapanda michungwa. Mbinu hii huondoa deni la baridi. Haiondoi deni la udongo.

Hata hivyo, naamini ina neno kwetu. Lushoto na Njombe kuna mitufaha, na swali ninalolisikia kila mara ni: tupande aina gani? Ni swali zuri, na aina zisizodai baridi nyingi, kama Anna, ni mahali pema pa kuanzia. Lakini Rome Beauty ya Java inatuonyesha kwamba swali zito zaidi ni lile la mwezi unaofuata mavuno, wakati wengi wetu tunaupa mti kisogo.

Mwenye miti miwili nyuma ya nyumba anaweza kuanza bila gharama. Avune yote miwili, aipe wiki tatu, kisha mmoja aupurure na kuinamisha matawi yake, mwingine auache. Aandike tarehe ukutani. Kabla mwezi haujazidi sana, macho ya matawi yatakuwa yamemjibu.