Kuitoa Injini na Kuirudisha

Watu wa pwani wana maneno ya kutosha ya kumsifu muunda vyombo. Mtu akipita Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, akaona mataruma yamesimama kabla hayajavikwa mbao, ulimi wake hupata la kusema bila ya taabu. Na nahodha naye ana sifa zake alizorithishwa tangu zama za tanga na henza. Lakini yuko fundi mwingine, ambaye kazi yake hufanyika chini ya sakafu ya boti, magoti yamo ngamani na kichwa ki baina ya mabomba, naye hupewa ujira wake akasahauliwa siku ile ile: fundi aitoaye injini ndani ya chombo kidogo, akaitengeneza nje, kisha akairudisha mahali pake. Mimi naihesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa sanaa zenye adabu kubwa kabisa katika bahari yetu.

Mtambo wenyewe, yaani injini ya dizeli, una nasaba yake. Rudolf Diesel aliufanikisha wa kwanza katika mji wa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Mwaka 1912 meli ya Kidenmarki iitwayo Selandia ilikata bahari kuu kwa nguvu ya mitambo ya namna hiyo. Walakini ilikuwa mizito mno kwa mashua ya mvuvi, mpaka Magokichi Yamaoka wa Osaka alipotoa injini ndogo ya dizeli mwaka 1933. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, haingoji cheche, na kwa sababu hiyo unyevu wa chumvi, adui wa kila waya, hauna njia pana ya kuizuia. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa ukalala ngamani ukivizia moto, ilhali dizeli haina hatari ya kiasi hicho. Mwenye kubeba watu na watoto wao ana haki ya kuupendelea mtambo huo.

Mtazamaji hudhani kwamba kuitoa injini ndiyo kazi yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo penye kelele, nguvu na watu wengi. Chombo hupandishwa ufukoni kwa maji ya bamvua, ili bahari isikifikie mpaka bamvua la pili. Boriti tatu ndefu husimamishwa juu yake, vichwa vyake vikafungwa pamoja. Chenibloki hutundikwa, na chuma chenye uzito wa kilo 200 au zaidi hupanda polepole, kimeinama upande wa nyuma vile vile kilivyolala ndani, maana mtaimbo wa rafadha hushuka kuelekea majini na injini hufuata mteremko wake. Lakini fundi stadi amekwisha kutaabika kabla mnyororo haujakazwa. Amefunga bilula ya maji ya bahari. Amefungua nyaya za betri, ule wa hasi kwanza. Ametia alama kila waya na kila mpira. Ameuegemeza mtaimbo usining'inie. Na vile vibamba vyembamba vilivyokaa chini ya miguu ya injini amevifunga mbalimbali, kila mguu na vyake. Asiyejua huviona vibamba vile kuwa takataka. Fundi huvishika kama hati za kadhi, kwa kuwa ndani yake imo hesabu aliyoifanya mwenziwe aliyemtangulia, pengine miaka mingi iliyopita, na kuvichanganya ni kuifuta hesabu hiyo.

Injini ikiisha kutoka, huonekana mahali ambapo jicho halijapaona mwaka hata mwaka: magogo mawili yaliyoibeba, yamelowa mafuta, na pembe ambamo maji ya mvua yamekuwa yakituama. Maji ya mvua huozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Hapa fundi huchoma kwa ncha ya kisu, shibiri kwa shibiri, na ubovu akiuona huusema, hata kama mwenye chombo hakutaka kuusikia.

Kuirudisha ndiko kwenye sanaa. Mtaimbo wa rafadha umeshikwa na chombo. Umepita ndani ya bomba la tezi, na mstari wake uliamuliwa na muunda siku ya kuunda. Basi mtaimbo hautasogea. Injini ndiyo itakayosogea kuufuata. Visahani viwili, kimoja cha giaboksi na kimoja cha mtaimbo, huletwa vikakaribiana pasipo kulazimishwa, na mwanya ulio baina yake hupimwa kwa majani membamba ya chuma, juu na chini, kulia na kushoto. Kisahani chenye upana wa milimita 100 hakisamehi tofauti ipitayo milimita 0.1. Na kila rekebisho huharibu jingine: ukiinua miguu ya mbele, mwanya wa juu hufumba na wa chini hufumbuka, ukisukuma kulia, kimo ulichokwisha kukipata hupotea, nawe huna budi kurudi mwanzo, kwa utulivu ule ule, kana kwamba hujaanza. Nimewaona mafundi wakishinda katika kazi hii tangu adhuhuri hata alasiri pasipo kutamka neno la ghadhabu, nami nikawaheshimu kuliko watu wengi wasemao vizuri mbele ya hadhara.

Hapa pana mtihani wa dhamiri. Bolti za visahani zina nguvu ya kuvivuta vikagusana hata mstari ukiwa kombo, na kazi hiyo ya hila, ikiisha kufungwa, haina tofauti machoni na kazi ya insafu. Tofauti huja baadaye, baharini: chombo hutetemeka, mpira uliobeba mtaimbo hulika, maji hupenya tezini, na beringi za giaboksi hufa kabla ya wakati wake, fundi akiwa amekwisha kula ujira na kwenda zake. Anayekataa hila hiyo peke yake, gizani, bila ya msimamizi, huyo ni mtu mwaminifu.

Tena chombo kilichokaa mchangani si kile kile kinachoelea. Mchanga hukibeba mahali pachache tu, na maji hukibeba chote. Mbao zilizokauka juani hufura zikirudi baharini, na miguu ya mpira hudidimia kidogo chini ya uzito. Kwa hiyo kipimo kilicho sahihi ufukoni huwa si sahihi majini, na fundi mwenye maarifa hukiacha chombo kielee kwanza, ndipo apime tena na kukaza.

Yaliyosalia ni machache, lakini yanataka mkono uliofunzwa. Tezi hufungwa kwa pete za kitani kilicholowa shahamu, maungio yake yasiangukiane mahali pamoja. Wenye vyombo hutaka isivuje hata tone, na fundi huwakatalia, kwa kuwa maji yale yale yanayopenya, matone machache kwa dakika mtaimbo unapozunguka, ndiyo yanayoupoza. Akiikaza kupita kiasi, kitani huungua na chuma huchubuka. Kisha huitoa hewa katika njia ya mafuta mpaka mapovu yakome, hufungua bilula ya bahari, huiwasha injini, na kabla hajausikiliza mlio wake hutazama kama maji yanatoka kwenye ekzosi.

Namwomba basi kila mwenye boti, tangu Lamu hata Mtwara: fundi akisema chombo kilale majini usiku mmoja kabla bolti za mwisho hazijakazwa, abiria na wangoje, na ujira wa siku hiyo alipwe sawa na wa siku nyingine.