Moto wa Juu, Moto wa Chini

Mkate wa kumimina huanza usiku wa kuamkia siku yake, mchele unapotiwa maji. Punje isiyolala majini vya kutosha husagika nje tu. Ndani hubaki chenga, na chenga hiyo mlaji ataikuta ulimini hata iliki iwe nyingi kiasi gani. Ndiyo maana sina ugomvi na mashine ya kusagia iliyochukua nafasi ya kinu katika nyua nyingi za Buyenzi. Inasaga vizuri. Aliyeloweka mchele asubuhi akitaka ale mkate adhuhuri ndiye mwenye kesi ya kujibu.

Kwa asiyeijua Bujumbura, Buyenzi ni mtaa ambao barabara zake huitwa kwa namba, na lugha ya uani ni Kiswahili. Wazee wa mtaa huu walitoka Ujiji, Umanyema na pwani. Wengine walifuata misafara ya biashara ya karne ya 19, wengine wakaja na Wajerumani, na baadaye Wabelgiji wakawapangia mahali pa kukaa. Wapishi wao walileta mkate wa nchi ya minazi hadi kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mti uliojaa ni mchikichi. Mawese ya Rumonge hayana mfano kwenye maharage, lakini hayawi tui. Kwa hiyo nazi nayo ikabidi ipite njia ya watu: itoke pwani, ivuke bara hadi Kigoma, ndipo ilifikie ziwa. Hata leo inasafirishwa. Soko kuu lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, wauzaji walitawanyika, na sisi tukawafuata. Siku hizi nazi na iliki tunazitafuta kwenye soko la Ruvumera. Zikikosekana, kuna tui la unga la pakiti, nami nalikubali shingo upande. Vilivyobaki ni vya nchini: mchele wa bonde la Imbo, na sukari ya Moso, ambayo kuna miezi huadimika hata mtu akamkaribisha mgeni chai kwa kusitasita.

Nimeona mikate hii ikipikwa na mtu mmoja, na imeliwa. Hata hivyo nashikilia kwamba ni kazi ya watu kadhaa, wala si kwa ajili ya kuleta upendo nyumbani. Upendo una njia zake nyingine. Ni kwa sababu ya saa. Nazi ikikunwa mapema mno, tui linachacha kwa joto la bonde. Mchele ukishasagwa kwa tui zito, hamira na iliki, haumngoji mtu. Mkaa nao lazima uwe umeshika wakati huohuo, si kabla wala baada. Kwetu shangazi ndiye wa mbuzi ya kukunia nazi, mama mdogo anasaga, na watoto wanagombea maji ya nazi wakijidai wanasaidia. Bibi hafanyi chochote mpaka bakuli lifunikwe. Kuanzia hapo, kazi yote ni yake.

"Bibi, tutie sukari?"

"Bado, mjukuu wangu. Uache kwanza uumuke."

Katika hilo "bado" ndimo ulimo ufundi wenyewe. Sukari nyingi huilegeza hamira, na ikiyeyuka huufanya mchanganyiko uwe mwepesi. Ngano inaweza kuvumilia, kwa kuwa ina mnato wake wa kushikilia hewa. Mchele hauna. Povu linashikwa na uzito wa mchanganyiko, na ute wa yai unaotiwa mwishoni pamoja na sukari. Ukikawia, povu linaanguka na uchachu unaingia. Muda wa kungoja hauandikiki, kwani hapa ziwani, kwenye mwinuko usiofika mita 800, mchanganyiko huumuka upesi. Ndugu zetu walioko Gitega, kwenye baridi ya milimani, hungoja mara mbili ya hivyo na bado hulalamika. Bibi haangalii saa. Anafunua, anatazama vipovu vya juu, anainamisha bakuli kidogo aone unavyosogea, anafunika tena. Siku moja niliketi na kalamu nikitaka vipimo. Akaniambia nishike bakuli.

Kisha moto. Sufuria hupakwa mafuta na kupashwa kwenye mbabura, yaani jiko la mkaa, kabla ya kumimina, ili chini pagande mara moja. Matundu yakishatokea juu, mkaa mwingi huhamishiwa kwenye mfuniko, chini ukaachwa kidogo tu. Kuna jamaa zetu wenye tanuri la umeme wanaosema ni yaleyale, na umeme ukiwapo mkate wao unaiva, sikatai. Lakini tanuri huupiga mkate joto la pande zote kwa pamoja. Mkaa humwezesha mpishi kuchagua: chini kwanza, hewa ipande na kuacha vijia vilivyosimama wima, kisha juu, pafungwe kwa rangi ya kahawia. Ukikata kipande ukakuta vijia hivyo vimelala au havipo, jua kuna mtu aliufungua mfuniko kwa papara. Kwetu anajulikana, na hukaripiwa mbele ya wageni.

Mkate ukipoa, kipande cha kwanza hakiliwi nyumbani. Hukatwa, huwekwa kwenye sahani, hufunikwa kitambaa na kupelekwa kwa jirani, awe Mwislamu au Mkatoliki. Sahani haina ruhusa ya kurudi tupu, na jirani yetu wa mkono wa kulia analijua hilo kuliko sisi. Idi iliyopita aliirudisha imejaa ndagala wa kukaanga, na watoto waliokwisha kushiba mkate wakaanza kula upya.