Gundi Nyeupe Kwenye Shingo ya Gitaa

Mlioiona ile video ya fundi wa Salaita akimalizia shingo ya gitaa mnajua ninakoelekea. Freti zimekaa sawa, na ubao wa mpingo alioubandika juu ni kazi safi. Mambo yanaharibika anaponyoosha mkono kuchukua kopo la gundi nyeupe.

Tusimame hapo kidogo. Shingo ni ya mkangazi, mbao yenye vitundu unavyoviona bila miwani. Amemaliza kupiga msasa na vumbi limetapakaa mezani. Analizoa, analimwagia gundi, anakoroga kwa kijiti mpaka unapatikana uji mzito, kisha anaupaka kwa kidole akifuata mkondo wa mbao kutoka kichwani hadi kisiginoni. Nyuma yake, kwenye rafu, kopo la fila ya mafuta, ya kuziba vitundu, linaonekana wazi, halijafunguliwa! Anaianika shingo juani, na jua la Salaita halina mchezo. Msasa tena, sila, vanishi. Jioni shingo inameremeta na watazamaji wanapiga makofi. Makofi ya nini?

Vumbi la msasa mkwaruzo lina chembe nene kuliko mdomo wa kitundu, kwa hiyo nyingi hazishuki. Kinachoshuka ni gundi, ambayo sehemu kubwa yake ni maji. Maji yakikauka gundi hunywea, na vanishi iliyo juu yake hubonyea taratibu. Gundi iliyobaki usoni nayo imeziba mbao isinywe rangi. Yale mabaka yaliyopauka nyuma ya freti ya tano mliyaona kamera iliposogezwa. Halafu gundi hii hulainika kwa joto, na hakuna sehemu ya gitaa inayobanwa na kiganja chenye jasho kuliko shingo.

Kosa la namna hii si geni hapa. Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mizinga ya Waingereza ilikitwanga kilele cha kilima hiki hiki cha Salaita, ilhali mahandaki ya Wajerumani yalikuwa huku chini, kwenye kitako chake. Askari wa Afrika Kusini ndio waliolipia. Fundi wetu naye kashambulia juu. Vitundu viko chini, vimetulia.

Fila ya mafuta ilitaka nini? Koti jembamba la sila kwanza, ili rangi isichafuke. Kisha fila iliyokolezwa rangi kidogo kuliko mbao, isukumwe kwa kadi ngumu ikikata mkondo, si kuufuata, maana ukiufuata unaichokoa tena kutoka ndani. Ikianza kufifia mng'ao, ifutwe kwa kipande cha gunia, bado kwa kukata mkondo. Siku kadhaa za kukauka. Pengine mkono wa pili. Epoksi ingefaa pia, ila msasa wake unachosha.

Na hapa narudia wimbo wangu ambao wasomaji wa safu hii wamekwisha kuuchoka: ni nani aliyesema lazima shingo ing'ae? Ubao wa mpingo hauhitaji fila kabisa, vitundu vyake ni vidogo mno, na hakuna anayeulalamikia. Mafundi wa gitaa wa Uhispania wa enzi za Antonio de Torres walifunga vitundu kwa shelaki na unga wa pamisi, kitambaa kikizungushwa siku baada ya siku, na mng'ao ulikuja wenyewe. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville mwaka 1952, alitafuta vidole, si vanishi. Na sisi wa kaunti ya mwanamuziki Fadhili William, kweli tuje kufundishwa kwamba gitaa zuri ni lile linalorudisha mwanga wa simu? Ugonjwa huu umetoka kwenye makochi ya kando ya barabara, ambako lakeri nzito huficha kila dhambi, na sasa umehamia kwenye ala.

Shingo ile ivuliwe hadi mbao tupu. Msasa peke yake hautoshi, kwa sababu gundi ikipata moto wa kusuguliwa hulainika na kuziba msasa. Aanze kwa kikwangulio chenye makali. Baada ya hapo, kama hana subira ya kungoja fila ya mafuta ikauke, apake mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mikono miwili mitatu myembamba, ayafute yote yanayobaki juu na kuacha vitundu wazi. Kidole gumba kitateleza bila kunata. Gundi nyeupe abaki nayo kwa kiungo cha shingo na boksi, ambako, nakiri, aliitumia vizuri sana.